Fungu la Nne la Mrenda

"Na hili moja lililofanya kazi, lilifanya kazi kwa nini?"

Mtahini wa nje aliniuliza hivyo akiwa ameishika tasnifu yangu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali arobaini hivi. Hilo halikuwamo. Nilitazama dari, nikamtazama Profesa wangu, ambaye naye alikuwa akiitazama dari, kisha nikasema kwamba uchunguzi wa jambo hilo bado unaendelea. Kwa lugha ya chuo, maneno hayo maana yake ni "sijui."

Mwezi uliopita nilistaafu utafiti wa hidrojeli, nikiwa na miaka thelathini na sita. Mama yangu kule Endebess anasema mtu wa umri huo hastaafu, anaacha kazi tu. Lakini nilipewa keki, kikombe chenye jina langu lililokosewa herufi moja, na hotuba tatu. Mtu aliyevumilia hotuba tatu amestaafu. Wenzangu wawili waliorithi meza yangu wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Nadhani walitaka orodha ya kemikali na ufunguo wa kabati. Ufunguo uko kwa mlinzi.

Nilifika maabara ya Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na shahada ya kwanza ya kemia na maoni mengi. Jengo lilikuwa limewahi kuwa ghala la mahindi, na mvua iliponyesha sakafu ilitoa harufu ya dawa ya fukusi. Nilimuuliza Profesa kama harufu hiyo haiwezi kuharibu vipimo vyetu. Akasema hilo ni swali zuri. Baadaye nilijifunza kwamba maswali aliyoyaita mazuri ni yale ambayo hakukusudia kuyajibu.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Rashidi, fundi wa maabara. Nyumba yake ilikuwa Bungoma mjini, karibu na msikiti. Kila Jumatatu alipanda Kitale, na kila Ijumaa asubuhi alirudi kwake, na hakuna mkubwa aliyewahi kuitisha mkutano Ijumaa akampata. Siku yangu ya kwanza alinipa pipeti na ndoo ya maji.

"Pima mililita kumi. Mara hamsini. Kila mara weka kwa mizani, andika."

"Kwa nini maji?"

"Maji ni ya bure."

"Mzee, hii tulifanya chuoni mwaka wa kwanza."

"Mlifanya. Sasa pima."

Nilipima hadi saa saba. Mililita zangu kumi zilikuwa kila kitu isipokuwa kumi. Rashidi alisoma karatasi yangu kutoka juu hadi chini, akaikunja, akaitia mfukoni. "Sasa tunajua wewe ni nani," akasema. "Wewe ni kumi kasoro kidogo. Usijali, Profesa ni kumi na mbili." Kesho yake alinirudishia ndoo ileile. Wiki ilipokwisha nilikuwa kumi.

Sasa kuhusu hidrojeli yenyewe, kwa kuwa hata jamaa zangu bado wanadhani nilikuwa natengeneza mafuta ya nywele. Hidrojeli ni kitu kinachokunywa maji kikavimba bila kuyeyuka. Ukificha dawa ndani yake, dawa hutoka polepole, kwa saa nyingi, badala ya kumwagika yote tumboni mara moja. Profesa alitaka mgonjwa wa pumu ameze dawa asubuhi, iendelee kutoka mpaka jioni. Wenzetu wa nchi nyingine walitumia jeli za bei kubwa. Sisi tungetumia ute wa mrenda, ule ambao kwetu huitwa murere na huteleza pamoja na ugali kabla hujatafuna. Lilikuwa wazo la Profesa, na lilikuwa wazo zuri. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele sitamsifu sana.

Kazi ilikwenda hivi. Unachemsha majani makavu, unachuja kwa kitambaa, unamimina spiriti. Ute hujikusanya kama pamba iliyolowa, unauopoa, unaukausha, unausaga. Unga huo unauchanganya na unga wa mwani na dawa, halafu unaudondosha kwa sindano ndani ya maji yenye kalsiamu. Kila tone likigusa maji hayo hushikana na kuwa shanga. Mkono ukiwa juu sana, shanga huota mkia kama kiluwiluwi. Ukiwa chini sana, hushikana zote zikawa kitu ambacho Rashidi alikiita bamia. Umbali sahihi ni upana wa kiganja changu. Warithi wangu watafute upana wa viganja vyao.

Kupima jinsi dawa inavyotoka kunahitaji mashine yenye vyombo sita vya kioo, kasia sita zinazozunguka kwa mwendo mmoja, na maji yenye joto la mwili. Hatukuwa na mashine hiyo. Rashidi aliitengeneza kwa mota ya cherehani, kasia alizozikata kwenye vifuniko vya sufuria, mitungi sita ya asali, na kidhibiti joto alichokitoa kwenye kitotoleshi cha vifaranga. Wageni walipokuja kutoka Nairobi waliipiga picha na kucheka. Kisha walituuliza, kwa sauti ya chini, kama mota ya cherehani inapatikana kwa urahisi.

Mrenda ulitoka soko la Misikhu, kwa muuzaji mmoja aitwaye Mama Nafula. Tulimchagua kwa sababu Rashidi alipita sokoni hapo kila Jumatatu akitoka kwake, na kwa sababu Profesa alikuwa ameandika katika pendekezo la utafiti kwamba majani yatatoka mahali pamoja tu. Mahali pamoja, mtu mmoja, mkono mmoja. Ndivyo sayansi inavyotaka.

Fungu la kwanza la shanga lilimwaga dawa yote kwa dakika arobaini. Fungu la pili vilevile. La tatu vilevile. Shanga zilikuwa nyeupe kama maziwa, za kupendeza, na Profesa alisema zinafanana na dawa ya kweli. Zilifanana nayo kwa kila kitu isipokuwa kazi. Zikiwekwa ndani ya mtungi zilivimba, zikalegea, zikapasuka.

Fungu la nne lilitoka kwenye majani mabaya. Yalikuwa ya rangi ya tumbaku, na Profesa alipoyaona alitaka yatupwe. Niliyatumia kwa ubishi. Shanga zake hazikuwa nyeupe; zilikuwa angavu kama jicho la samaki. Tulianza kupima saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne shanga zilikuwa bado nzima. Saa sita Profesa aliacha mkutano akaja kusimama nyuma yangu, akipumua. Saa kumi na mbili jioni dawa bado ilikuwa ikitoka, kidogo kidogo. Profesa alinipa mkono, akampa Rashidi mkono, akaupa mkono hata mtungi mmoja wa asali, nadhani kwa bahati mbaya.

Wiki hiyohiyo aliwaandikia waandaaji wa mkutano wa wataalamu kwamba tumefaulu.

Halafu fungu la tano. Dakika arobaini. La sita, la saba, la nane, la tisa. La kumi lilichukua dakika thelathini na nane, jambo ambalo nililiona kama dharau.

"Fungu la nne ndilo ukweli," Profesa aliniambia ofisini kwake. "Mengine yalikuwa mazoezi ya mkono."

"Profesa, matatu ya kwanza, sawa. Lakini sita ya baadaye?"

"Mkono wako ulichoka."

"Mkono wangu ulichoka mara sita mfululizo?"

"Binti, wewe unabishana kama wakili. Andika la nne. Weka grafu yake moja, safi. Nani atakuuliza?"

"Nikiulizwa je?"

"Ukiandika yote kumi, hapo ndipo utaulizwa."

Alikuwa sahihi kabisa, na huo ndio ulikuwa ubaya wa ushauri wake. Niliandika yote kumi. Alitia sahihi polepole sana, kama mtu anayetia sahihi kibali cha kubomoa nyumba yake, na tukaingia ndani ya kile chumba, na nikaulizwa.

Watahini walinipa miezi mitatu. Nikirudi bila jibu, tasnifu ingekataliwa, na nafasi yangu maabara angepewa mwingine ambaye tayari alikuwa amekuja kuangalia meza yangu. Alipima hata urefu wa droo.

Nilitumia mwezi wa kwanza kushuku. Hii ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nyumbani nilikatazwa kuuliza maswali kanisani nikiwa darasa la tatu. Nilishuku maji ya Kitale, nikaleta ya mvua. Nilishuku stima, ambayo ilikuwa ikipotea na kurudi kama mjomba mlevi. Nilishuku sindano, spiriti, dawa ya fukusi sakafuni, na mota ya cherehani, ambayo niliifungua yote nikashindwa kuifunga. Rashidi aliifunga. Mwezi wa pili ulipofika katikati, alikaa kwenye kiti kilichokuwa mbele yangu, akanimiminia chai.

"Umeshuku maji," akasema. "Umeshuku stima. Umeshuku mashine yangu, na hiyo nimekusamehe. Mrenda je?"

"Mrenda ni mrenda, mzee."

"Umeshawahi kuona ukikaushwa?"

"Hapana."

"Si uende Misikhu basi, bana. Ukaone."

Nilikwenda siku ya soko. Mama Nafula alikuwa mwanamke mpana mwenye kilemba cha manjano, ameketi nyuma ya rundo la mrenda mkavu, akipima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na kuongeza kiganja kimoja juu kwa kila mteja. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, kana kwamba yalichumwa asubuhi ile. Nilipojitambulisha alishika kiuno.

"Kumbe wewe ndio yule daktari anamaliza mrenda yangu yote?"

"Mimi si daktari, mama. Na siili. Naipima tu."

"Unapima. Bila ugali?"

"Bila ugali."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Nikamuuliza anavyokausha.

"Nachuma, nachambua, nanyunyizia munyu, naanika kwa kivuli. Basi."

"Unanyunyizia nini?"

"Munyu. Wee, kwenu ni wapi?"

"Endebess."

"Na huko Endebess mama yako hakukufunza munyu? Ama ni shule ilikusahaulisha?"

Mama alinifunza. Munyu ni maji ya jivu: unachoma makapi ya maharagwe, unatia jivu kwenye chombo chenye matundu, unamwagia maji, na yanayochuruzika ndiyo unapikia mrenda ili ulainike. Nimeuonja tangu nilipoota meno. Sikujua tu kwamba kuna mtu anayeutia kabla majani hayajakauka.

"Ikinyunyiziwa mapema inabaki kijani," Mama Nafula alieleza, akipaza sauti ili majirani nao wafaidike. "Na ikifika kwa sufuria haisumbui. Hii yenu naongezanga kidogo. Rashidi alisema ni ya watu wa ofisi ya Kitale. Nikajiambia, watu wa ofisi hawana kuni mingi, wacha iive haraka."

Kwa mwaka na nusu, basi, mwanamke huyu alikuwa akinihurumia. Huruma yake ilikuwa imejaa kwenye kila gunia, na ilikuwa karibu kunikosesha shahada.

"Mama, kuna siku uliwahi kutuma bila munyu? Mwaka jana hivi?"

"Mimi? Niuze mrenda uchi?" Wauzaji wa pembeni walicheka. Alifikiri, akatikisa kichwa, akafikiri tena kwa sababu mimi nilikuwa bado nimesimama pale na kalamu. "Labda nilisahau. Kulikuwa na mgonjwa kwangu mwaka jana. Mtu husahau."

Niliandika njiani. Nilipofika Kiminini ukurasa ulikuwa umejaa.

Maabara nilichukua karatasi ya litmasi, ile tunayowapa watoto wa kidato cha kwanza ili wanyamaze, nikaigusisha kwenye unga wa fungu la kwanza uliolowa maji. Ikageuka buluu. Nikagusisha la pili, la tatu. Buluu, buluu. La nne haikubadilika. La tano hadi la kumi, buluu tena. Katika mwaka na nusu hakuna mtu aliyeigusisha, kwa sababu pendekezo la utafiti lilisema ute wa mrenda hauna asidi wala alkali, na pendekezo lilikuwa na sahihi tano. Kemia yenyewe ni fupi. Kalsiamu ndiyo inayozifunga shanga. Chumvi ya jivu huikamata kalsiamu na kuigeuza chokaa, ndiyo maana shanga zetu nzuri zilikuwa nyeupe. Profesa alikuwa akisifia chokaa. Na spiriti yetu haikuwa ikiisafisha chumvi hiyo. Iliiangusha pamoja na ute, tukavisaga vyote kwa uangalifu mkubwa.

Nilirudi Misikhu kuomba mrenda usio na munyu. Mama Nafula alikataa mara mbili kwa ajili ya jina lake. Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba nisimwambie mtu yeyote sokoni ulikotoka. Ulikaushwa chini ya macho yangu. Nilitengeneza mafungu matatu. Yote matatu yalidumu tangu asubuhi hadi jioni.

Mtahini wa nje alirudi, safari hii akaishika tasnifu kwa mkono mzima. Aliuliza swali lilelile. Nikajibu. Aliuliza na fungu la nne lilikuwaje salama, nikamwonyesha sentensi niliyoiongeza: "Muuzaji alithibitisha kwamba katika fungu hili alisahau kutia munyu." Akaisoma, akatabasamu, akasema hivi ndivyo kazi inavyopaswa kufanywa. Profesa aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akisema hivyo siku zote.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida. Tulijaribu jeli ya vidonda, ambayo ilivutia nzi. Tulijaribu ya kulinda miche ya mahindi wakati wa kiangazi. Ilifanya kazi vizuri sana mpaka fuko alipoigundua. Shanga za pumu hazikufika kwenye duka lolote la dawa. Zilifika kwenye majarida mawili na mkutano mmoja ambako nilizungumza mbele ya watu kumi na wanne, watatu wao wakiwa macho. Flopi zenye grafu za mwanzo ziliota ukungu ndani ya kabati, tukahamia kwenye flashi, nazo zikapata virusi. Mwishoni ililetwa mashine mpya ya kupimia, ya kioo, yenye kasia zake. Inafanya kila kitu yenyewe na haipendi kuulizwa maswali, kwa hivyo nilitangulia.

Kilichobaki kwangu ni kisa cha Misikhu. Nilikisimulia kwa kila darasa jipya kama onyo: hoji kila kitu, hata ukarimu. Wanafunzi walipenda sana sehemu ya mama aliyesahau. Wengine walipoacha chombo wazi au kupoteza lebo, wenzao waliwaita Mama Nafula. Niliwasikia, nikacheka pamoja nao.

Siku ya kuagwa nilikisimulia tena, kwa kuwa hotuba ya nne ilikuwa yangu. Rashidi, ambaye sasa ana mvi na halali ya kustaafu, alikuwa amekaa safu ya mbele na mkewe, Bi Zainabu, aliyekuja kutoka Bungoma na sahani ya kaimati. Nilipofika kwenye mrenda wa rangi ya tumbaku, Bi Zainabu alimgeukia mumewe.

"Si huo ndio wangu?"

"Zainabu, kunywa chai."

"Ule uliniondolea juu ya bati? Wiki ya matanga ya kaka yangu? Nikakosa mboga ya jioni na wageni wamejaa?"

"Chai inapoa."

Niliimaliza hotuba, sijui kwa maneno gani. Watu walipokwenda kukata keki nilivuta kiti nikakaa mbele ya Rashidi, kama alivyokaa yeye mbele yangu miaka ile.

"Wiki ile sikushuka Misikhu," alisema. "Tulikuwa matangani. Jumatatu nikawa na gunia tupu, na Profesa anangoja. Zainabu alikuwa ameanika wake juani, bila munyu, wa pale nyuma ya jikoni. Nikachukua."

"Na daftari la sampuli?"

"Daftari lina nafasi ya tarehe na nafasi ya sahihi. Jina la Misikhu ulikuwa umeshalichapa wewe mwenyewe kwa kila ukurasa. Ningeandika Bungoma wapi, kwenye pambizo?"

"Ungeniambia, mzee."

"Nilikwambia uende uone unavyokaushwa. Zaidi ya hapo ningefutwa." Alichukua kaimati moja, akaitazama pande zote. "Na wewe uliuliza maji, uliuliza stima, uliuliza mama wa watu mpaka akakubali kosa. Mimi hukuniuliza. Mimi ulinituma tu."

Nilifungua tasnifu yangu jioni ile, ukurasa wenye sentensi iliyomfurahisha mtahini. "Alithibitisha," nimeandika. Katika karatasi zangu za safari, kwa kalamu ya risasi, neno ni "labda." Muuzaji huyo alituletea mafungu tisa tu wakati ule, na yote tisa yaliibadilisha litmasi kuwa buluu. Mama Nafula hakuwahi kusahau munyu hata mara moja.